Vikundi vya Akina Mama vya Mambo ya Nyumbani na ya Kijamii Kigoma Ujiji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya akina mama wa Mwanga, Gungu, Kibirizi, Katonga, Bangwe, Ujiji na mitaa jirani wanaofikiria kuanzisha kikundi au kujiunga na kilichopo. Yanawahusu pia waume na watoto wao, ambao mara nyingi ndio wanaouliza kwanza.

Kikundi cha namna hii ni kitu gani, na kina tofauti gani na VICOBA?

Ni umoja wa akina mama wa mtaa mmoja au wa mitaa inayopakana, waliokubaliana kwa maandishi kwamba watahudhuriana katika mambo ya nyumbani: uzazi, ugonjwa, msiba, ndoa za watoto na malezi. VICOBA kwa upande wake imejengwa juu ya fedha, kwani mwanachama hununua hisa katika kila kikao, hukopa kwa kadiri ya hisa zake, na mwisho wa mzunguko hugawiwa akiba yake pamoja na faida. Upatu nao ni fedha ya zamu, inayokusanywa na kijumbe na kukabidhiwa mmoja mmoja mpaka wote wapate.

Vikundi vingi vya hapa kwetu hufanya mambo haya yote kwa pamoja, na hakuna ubaya wowote katika hilo, ila kinachotangulia kina uzito wake. Kikundi kilichoanza kwa kutembeleana, kikaongeza sanduku la fedha baadaye, hudumu hata katika mwaka ambao biashara imekuwa ngumu, kwa sababu mwanachama asiye na kitu mkononi bado ana nafasi yake na kazi yake. Kikundi kilichoanza kwa fedha peke yake hukosa sababu ya kukutana pale fedha inapokosekana, na hapa Kigoma fedha hukosekana kwa majira yanayojulikana. Kwa hiyo katika majibu yote yanayofuata tunashikilia kwamba fedha iutumikie umoja, na mwanachama apimwe kwanza kwa mahudhurio yake kabla ya kupimwa kwa mchango wake.

Je, vikundi hivi vililetwa na miradi ya wafadhili?

Sehemu ya utaratibu wa fedha ndiyo, lakini umoja wenyewe ni wa zamani zaidi. Mtindo wa sanduku na hisa tunaoutumia leo una asili yake katika mpango ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea katika nchi nyingi za Afrika na kufika kwetu kwa jina la VICOBA. Wanawake wa miji ya Waswahili, hata hivyo, walikuwa na vyama vyao miongo mingi kabla ya hapo. Ujiji ya wakati wa Mwingereza ilikuwa na vyama vyenye nguvu kiasi kwamba mwaka 1932 ushindani kati ya vyama viwili ulizaa ghasia mjini, na wanawake walikuwa na sehemu kubwa katika mvutano huo. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alipopewa mwaka 1955 kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, aliwaendea kupitia vikundi vya lelemama, yaani ngoma ya wanawake, kwa sababu huko ndiko wanawake walikokuwa tayari wamejipanga, wana viongozi wao na wanaaminiana. Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ambao leo ni UWT, naye Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Tunaikumbusha historia hii kwa sababu wapo akina mama wanaosubiri mgeni aje na semina ndipo waanze. Hawana haja ya kusubiri.

Nani anaweza kujiunga?

Mwanamke yeyote mtu mzima anayeishi katika eneo la kikundi na anayekubali katiba. Aliyeolewa, asiyeolewa, mjane na aliyeachika wote wana haki sawa, na tunasisitiza hivyo kwa kuwa bado kuna vikundi vinavyomwona mwanamke asiye na mume kuwa mwanachama nusu. Mji wetu una Waha, Wamanyema, Wabembe na watu wa asili ya kuvuka ziwa, una misikiti na makanisa, na kikundi cha mtaa kinachochagua kabila au dini kitashindwa na kazi yake ya kwanza, ambayo ni kumfikia jirani.

Tunatakiwa kuwa wangapi?

Kwa kikundi kinachoweka na kukopeshana fedha, kanuni za mwaka 2019 zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 zinataka wanachama wasiopungua 10 na wasiozidi 50. Kwa kikundi cha kuhudhuriana tu, akili ya kawaida inatosha: wawe wengi kiasi cha kubeba msiba bila kuumia, na wachache kiasi kwamba kila mmoja anaijua nyumba ya mwenzake na njia ya kwenda huko usiku.

Mchango uwe kiasi gani, na ulipwe lini?

Hili ndilo swali linalovunja vikundi vingi vya mwambao wa ziwa, kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu.

Katiba nyingi hunakiliwa kutoka mahali pengine, na huwa zimeandikwa kwa ajili ya watu wanaopata kipato kinacholingana wiki hadi wiki. Mama wa Kibirizi au Katonga anayenunua dagaa mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, akawaanika na kuwauza, hapati kipato cha namna hiyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta pale tu giza linapokuwa zito. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, na mwalo huwa kimya. Katika msimu wa mvua dagaa hukauka kwa shida, wengine huharibika, na bei hushuka. Juu ya hayo kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mama anayetakiwa kutoa kiasi kile kile kila Jumamosi, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, mwalo umefunguliwa au umefungwa, atakopa kwa jirani ili alipe kikundi, kisha atakopa kikundini ili amlipe jirani, na mwishowe ataacha kuja.

Ushauri wetu ni kwamba mchango ugawanywe mara mbili. Sehemu ya kwanza iwe ya lazima, iwe ndogo sana, kiasi ambacho mwanachama mwenye hali ya chini kuliko wote anakiweza hata mwezi mbaya; hii ndiyo inayoingia katika mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana katika shida kama msiba. Sehemu ya pili iwe ya hisa, na mwanachama awe huru kununua nyingi wiki njema na kutonunua kabisa wiki mbaya, bila faini. Tarehe za vikao ziangalie mwezi wa angani, na mzunguko wa mwaka upangwe ili mgao uangukie kabla ya ziwa kufungwa, au uangukie mwezi wa Desemba ili ada na sare za shule za Januari zipate pa kutokea. Wanaokamua mawese, wanaouza vitenge sokoni na walioajiriwa wana majira yao tofauti, na kikundi chenye mchanganyiko wa kazi huwa na bahati ya kwamba si wote wanaokwama kwa wakati mmoja. Tukiulizwa wanachama wachaguliwe vipi, tungesema mchanganyiko huo utafutwe kwa makusudi.

Mfuko wa msiba unafanya kazi vipi?

Kwanza katiba itaje kwa majina ni misiba ya nani inayohudumiwa. Wengi hukubaliana mwanachama mwenyewe, mume, watoto na wazazi, na baadhi huongeza wakwe. Neno "ndugu wa karibu" lisiachwe peke yake bila maelezo, kwa kuwa siku ya msiba si siku ya kubishana nani ni ndugu wa karibu.

Pili, fedha ya msiba lazima ipatikane saa ile ile. Familia ya Kiislamu kwa kawaida huzika siku hiyo hiyo, na nyumba yoyote huanza kupokea watu muda mfupi baada ya habari kutoka, kwa hiyo fedha iliyofungwa benki siku ya Jumapili haimsaidii mfiwa. Ndiyo maana kiasi cha msiba mmoja kinapaswa kubaki mkononi mwa mweka hazina au katika simu ya kikundi wakati wote, na kikishatumika kirudishwe katika kikao kinachofuata.

Tatu, na hili lina thamani kuliko fedha, kikundi kiwe na vyombo vyake: masufuria makubwa, sahani, majagi, mikeka, na uwezo ukiruhusu turubai na viti. Kukodi vitu hivi humla mfiwa fedha nyingi. Kikundi chenye vyombo hupunguza gharama hiyo kwa wanachama, na siku zisizo na shughuli huweza kuvikodisha kwa majirani na kukuza mfuko.

Nne, zamu za kazi zijulikane mapema. Wapo wa kupika, wa kuchota maji, wa kupokea wageni, na wapo wawili wa kukaa na mfiwa bila kazi nyingine yoyote. Hao wawili husahaulika mara nyingi. Nyumba imejaa watu, moshi uko jikoni, kila mtu anashughulika, na mjane amekaa peke yake chumbani na wageni wanaoingia kutoa pole na kutoka. Tunaomba kila kikundi kiliandike jukumu hili katika katiba yake kama kinavyoandika jukumu la mweka hazina. Na baada ya arobaini, pale majirani wanapokuwa wamerudi katika shughuli zao, zamu ya kumtembelea iendelee kwa miezi iliyokubaliwa, kwani ndipo maswali ya mirathi, ada na kodi ya nyumba yanapoanza.

Vipi kuhusu harusi, sare na kufunda?

Harusi ni furaha ya kikundi, na pia ndipo vikundi hujiumiza. Sare ya kitenge kwa kila shughuli huwa mzigo kwa mwanachama ambaye katika mwezi mmoja ana harusi mbili na maulidi moja. Inatosha kuwa na sare moja ya kikundi kwa mwaka mzima, na mwanachama asiyeimudu aruhusiwe kulipa kidogo kidogo bila kutajwa mbele za watu.

Kufunda ni elimu, na bibi au somo anayeifanya kwa heshima anastahili kuheshimiwa. Binti aambiwe habari za usafi, uzazi, matumizi ya nyumba na lugha njema, lakini aambiwe vilevile kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kuwa na mali yake mwenyewe, na kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Mafunzo yanayomtaka avumilie kila kitu humpeleka mikono mitupu.

Kuna jambo moja ambalo kikundi hakipaswi kulijadili mara mbili. Kikundi kisichange wala kisipike kwa ajili ya ndoa ya binti aliye chini ya miaka 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya sheria vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya umri huo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2019. Kumuoa mwanafunzi, kwa mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, ni kosa linaloweza kumfunga mtu miaka 30. Mzazi anayejua kwamba akina mama wa mtaa hawatakuja jikoni kwake atafikiri mara ya pili.

Vikao vifundishe nini kuhusu nyumba?

Vifundishe yale yanayotoka jikoni mwetu wenyewe. Mawese mekundu, kwa mfano, ni chanzo kizuri sana cha vitamini A, ambayo mtoto huihitaji kwa macho na kwa kinga ya mwili, lakini anayeyachemsha mpaka yageuke meupe na kutoa moshi ameiharibu faida hiyo. Unga wa muhogo ni chakula cha nyumba nyingi za mkoa huu, na muhogo mchungu una sumu inayoondolewa kwa kulowekwa siku kadhaa na kuanikwa vizuri; njaa inapowafanya watu wafupishe siku hizo, ugonjwa wa konzo unaweza kulemaza miguu kwa maisha yote, na wanaokula muhogo bila mboga yenye protini ndio walio katika hatari zaidi. Dagaa kidogo katika sahani ya mtoto, basi, ni kinga halisi. Mama anayenyonyesha akumbushwe kwamba mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji uji wala maji, maziwa ya mama yanamtosha.

Sabuni ya mawese ni somo linaloleta kipato, ila afundishe anayeijua, kwa sababu magadi makali yanayotumika huunguza ngozi na macho. Kuhusu kuni na mkaa, serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na kikundi kinaweza kuwakopesha wanachama mtungi wa gesi au jiko banifu mmoja mmoja kwa zamu, kwa mtindo ule ule wa upatu.

Mume wangu hataki nijiunge. Nifanyeje?

Mara nyingi mume huhofia mambo mawili: kwamba siri za nyumba zitatoka, na kwamba deni litaingia nyumbani bila yeye kujua. Hofu zote mbili zina msingi, na kikundi kizuri huzijibu kwa katiba yake. Mwombe mwenyekiti au mama mtu mzima wa kikundi afike nyumbani, akiwa na katiba mkononi, azungumze na baba wa nyumba kwa adabu na mbele yako. Waume wengi waliopinga mwanzoni hubadilika baada ya kuona kikundi kikisimama katika msiba wa mama yao.

Lakini ieleweke pia kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki kisheria kumiliki na kutumia mali aliyoichuma. Na yule asiyechuma fedha, anayeshinda akipika, akifua na kulea, asidharauliwe na yeyote wala asijidharau, kwani Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi huo unastahili kusomwa katika kila kikundi.

Mwanachama anapigwa nyumbani kwake. Kikundi kina mamlaka gani?

Hakina mamlaka ya kuhukumu, lakini kina wajibu wa kumsindikiza. Mwanachama mmoja au wawili anaowaamini waende naye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi na hospitalini, na wamwone msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Anayeumizwa akiwa mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo. Jambo hili lisiletwe katika kikao cha wote bila ridhaa yake. Suluhu ya wazee ina nafasi yake katika ugomvi wa maneno. Haina nafasi panapokuwa na majeraha.

Je, ni lazima tusajili kikundi?

Kikundi kinachokopeshana fedha ni lazima kisajiliwe kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2018, na usajili huo hufanyika katika halmashauri. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi na orodha ya wanachama na viongozi. Usajili huo pia ndio mlango wa mikopo ya halmashauri, ambayo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mkopo huo ni wa shughuli ya uzalishaji. Usichukuliwe kwa ajili ya vyombo vya msiba wala sare, na kikundi kisichoundwa kwa biashara kisijilazimishe kuwa cha biashara ili kiupate.

Sanduku litunzwe na nani?

Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo zikae kwa wanachama watatu wasio viongozi, na sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne. Fedha ihesabiwe mbele ya wote mwanzo na mwisho wa kikao, na kiasi kitamkwe kwa sauti ili hata mama asiyesoma akikariri. Kiasi kikubwa kipelekwe benki au katika akaunti ya kikundi ya simu inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Katibu asiwe ndugu wa mweka hazina.

Mwenzetu amepokea upatu kisha ameacha kutoa. Tumfanyeje?

Kwanza aendewe nyumbani na watu wawili, ili ijulikane kama ameshindwa au amekataa, maana hayo ni mambo mawili. Aliyeshindwa apangiwe kulipa kidogo kidogo. Aliyekataa, mdhamini wake awajibike kwa mujibu wa katiba, na suala lipelekwe kwa mtendaji wa mtaa. Kwenda kumbebea mtu masufuria na godoro mbele ya watoto wake ni jambo tunalolipinga kabisa, hata pale ambapo deni ni la kweli.

Siasa ziruhusiwe?

Mwanachama ana chama chake, kikundi hakina. Mgombea akija, apokelewe kama mgeni mwingine, na zawadi yake isipokewe kwa jina la kikundi.

Mwanachama akihama Kigoma, haki zake zinakwishaje?

Hisa zake hurudishwa pamoja na faida iliyopatikana mpaka siku hiyo, baada ya kutoa deni lake kama lipo. Mchango wa mfuko wa jamii haurudishwi, kwa kuwa ulikwisha kutumika kwa wengine, naye alilindwa nao muda wote aliokuwapo. Akihamia Kasulu, Uvinza au Tabora, kikundi kimpe barua ya utambulisho yenye muhuri, inayoeleza aliingia lini na alihudhuria vipi, ili kikundi atakachojiunga nacho huko kimpokee bila kumrudisha katika muda wa majaribio.